Baraza la Hamu
Nakwa, pale mjini Babati, i mbali na bahari. Lakini mke wa huko anayemuwaza mchumba wa zamani, naye amelala kando ya mume asiyempenda, hakosi wenzake visiwani. Akasemee wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, yataka hiari ya wawili, na yataja uzinzi, ukatili na kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3 miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika. Hamu haimo. Baraza la hamu ni wimbo. Siti binti Saad, mwuza vyungu wa Fumba, alihamia mjini Unguja mwaka 1911. Mwaka 1928 akarekodi taarabu Bombay, na santuri zikaingia majumbani. Hakimu huuliza, “Amekutenda nini?” Wimbo huuliza, “Umepoteza nini?”