Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Kaya Zetu na Washauri Wake



Mwaka huu swali moja limeulizwa katika mikutano yetu karibu yote. Chama kimeongezeka watu, hesabu zimekuwa nyingi kuliko daftari zetu, na imeletwa rai kwamba tumpokee mshauri kutoka nje atuongoze katika mabadiliko haya. Wako waliosema kwamba hiyo ni baraka. Wako pia waliosema kwamba ndiyo njia ya kunyang'anywa chama chetu mchana kweupe. Sisi wa halmashauri hatukutaka kujibu kwa haraka. Tumeona yafaa kwanza kuitazama historia, kwa maana nchi hii yetu, tangu Kilifi hata ng'ambo ya mto Sabaki, imekwisha kuwaona washauri wa namna mbili, na wote walifika kwenye mlango mmoja, yaani mlango wa kaya.

Wazee hawahitaji kuelezwa kaya ni nini, lakini vijana wetu wapo. Kaya ni miji ya kale ya Wamijikenda, iliyojengwa ndani ya msitu na kuzungushiwa boma. Asili yake yahesabiwa kuwa tangu karne ya 16. Watu walipoongezeka walitoka kutafuta mashamba na biashara, na Wagiriama wakaendelea hata wakavuka Sabaki. Ilipofika miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimekwisha kuhamwa, lakini hazikuachwa. Makaburi yalibaki, fingo lilibaki, na kambi ya wazee iliendelea kushika ada na kukataza shoka lisiingie.

Mshauri wa namna ya kwanza alikuja na amri. Katika mwaka 1912 serikali ya Kiingereza ilimtuma Arthur Champion awe mtawala kati ya Wagiriama. Kwa maneno yao wenyewe, walikuja kuleta maendeleo na utaratibu. Waliweka wakuu wa vijiji na mabaraza, lakini kazi waliyopewa watu hao ilikuwa kukusanya kodi ya vibanda na kutoa vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Baraza lilikuwa na jina la wenyeji, lakini shauri lake lilikuwa la mtu mwingine. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyejaliwa ulimi na moyo, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, waliwaita watu kaya wakala kiapo cha kukataa. Walikamatwa, wakapelekwa mbali huko Kisii, wakatoroka na kurudi. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, kaya ya Wagiriama ililipuliwa kwa baruti. Vita vikafuata. Mwisho wake Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa wapagazi 1,000, na waliokaa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama mashamba yao. Basi tusishangae mzee akisikia neno mshauri na kukunja uso. Hofu yake ina sababu.

Mshauri wa namna ya pili alikuja na swali. Katika miaka ya 1980 kaya zilikuwa katika hatari nyingine. Ardhi ilikuwa imepanda thamani, miti ilikatwa kwa mbao na makaa, na mzee aliyesema "hapa ni mahali patakatifu" hakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Wakati huo wataalamu wa mimea, Ann Robertson na Quentin Luke, walizunguka misitu ya pwani wakiandika miti iliyomo. Waliona kwamba pale ambapo ada ilikuwa bado na nguvu, ndipo msitu uliposimama. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa msaada wa shirika la WWF, yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Tangu mwaka huo kaya zikaanza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Tuangalie vema kazi ya kitengo hicho. Hakikuwa na haja ya kumfundisha mzee kuomba mvua. Kilimpa kile alichokikosa: mpaka uliopimwa na jina katika sheria. Kambi ya wazee ilibaki kambi ya wazee.

Pamoja na hayo ukuaji ulileta mzigo wake. Huko Kwale, ndugu zetu Wadigo wa Kaya Kinondo walianza mwaka 2001 kupokea watalii. Kila mgeni hufungwa kaniki na kuongozwa na mwenyeji. Hapo wazee walikutana na mambo ambayo babu zao hawakuyajua. Je, fedha ya kiingilio ashike nani? Vijana wanaoongoza wageni wapate kiasi gani? Na siri ipi isemwe, ipi isisemwe? Katika hesabu mtu wa nje aweza kusaidia sana. Katika siri hana neno, na akilitia atakuwa ameharibu.

Mwaka 2008 UNESCO iliandika kaya katika orodha ya urithi wa dunia, misitu iliyotapakaa pwani kwa urefu wa kilometa 200 hivi. Tulishangilia. Lakini mwaka 2009 shirika hilo hilo liliziandika mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Miti ilikuwa imepata mlinzi, na huku wajuao maneno ya kusema chini ya miti hiyo walikuwa wakipungua. Hilo ndilo somo kubwa kwetu. Mshauri aweza kutusaidia kulinda mpaka. Kumrithisha mtoto ada ni kazi ya mwenyewe, wala haina mkodishwa.

Kwa hiyo sisi wa halmashauri twatoa rai hii mbele yenu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumpokee mshauri, lakini tumpe jembe, tusimpe kiti. Kwanza, muda wake uandikwe, na siku ya kuondoka ijulikane kabla hajaanza. Pili, hazina na sahihi zibaki mikononi mwa wanachama. Tatu, kila kazi aifanyayo awe na kijana wetu kando yake, ili atakapoondoka kazi isiondoke naye. Nne, asikilize wazee kabla ya kusema.

Akikataa masharti hayo, basi tumekwisha kumjua yeye ni wa namna ipi. Akiyakubali, tumkaribishe kwa moyo mweupe, kwa maana chama kinachokua bila shauri ni kama shamba linalopanuliwa bila mpaliliaji. Uamuzi ni wenu, wanachama, katika mkutano mkuu.