Maji Mara Tatu

Wako watu wadhanio kwamba itikadi ya Utatu Mtakatifu ilibuniwa na maaskofu mbele ya kiti cha mfalme, kisha ikateremshwa kwa waumini kama amri ya serikali iteremshwavyo kwa raia. Lakini historia ya ubatizo yashuhudia kinyume chake. Kabla ya mtaguso wa maaskofu kukutana Nikea mwaka 325, Wakristo wa Shamu, wa Roma na wa Afrika ya Kaskazini walikuwa wamekwisha kubatizwa, kizazi baada ya kizazi, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Na neema waliyoipokea majini ndiyo waliyokuja kuitetea kwa hoja.

Kitabu kidogo kiitwacho Didake, ambacho wanazuoni wengi hukihesabu kuwa cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili, chaagiza ubatizo ufanywe katika maji yatiririkayo. Yakikosekana, katika maji mengine. Asiyeweza ya baridi, apewe ya moto. Na yakiwa haba kabisa, mtu amiminiwe kichwani mara tatu. Maji yaliruhusiwa kubadilika kwa ajili ya udhaifu wa mtu na uhaba wa mahali, bali jina la Baba na la Mwana na la Roho halikuguswa.

Jinsi imani hiyo ilivyokaa machoni pa watu wa kawaida yadhihirika Dura-Europos, mji wa mpakani mwa dola ya Kirumi, ukingoni mwa mto Frati, ambako nyumba ya makazi iligeuzwa kanisa katika nusu ya kwanza ya karne ya tatu, na chumba chake kimoja kikatengwa kwa ubatizo. Waajemi walipouhusuru mji, yapata mwaka 256, askari wa Kirumi waliyajaza udongo majengo yaliyopakana na ukuta ili kuuimarisha. Mji ukaanguka, lakini udongo ule ukazihifadhi picha za chumba kile hata zikafukuliwa katika karne ya 20. Ukutani juu ya birika amechorwa mchungaji aliyembeba kondoo mabegani, na kundi lake limesimama mbele yake. Chini ya sura hiyo ya Mungu amtafutaye aliyepotea ndipo waliposhuka majini watu wa mji ule.

Huko Karthago, Tertuliano, ambaye ni mwandishi wa kwanza wa Kilatini ajulikanaye kumtaja Mungu kwa neno Utatu, aliandika mwanzoni mwa karne ya tatu kwamba wabatizwa walizamishwa mara tatu, na walipopokewa walionjeshwa maziwa yaliyochanganywa na asali. Ndicho chakula cha mtoto mchanga, na ndiyo ishara ya nchi ya ahadi. Mtu mzima, pengine mwenye mvi, alilishwa kama mwana aliyezaliwa siku ile nyumbani mwa Baba yake.

Basi Ario, kasisi wa Aleksandria, alipofundisha kwamba Mwana aliumbwa, na kwamba palikuwapo ambapo hakuwapo, hakuvuruga mawazo ya wasomi peke yao. Aliligusa birika la ubatizo. Atanasi, aliyepata uaskofu wa mji huo mwaka 328 na kufukuzwa mara tano katika kuitetea imani ya Nikea, aliuliza: kama Mwana ni kiumbe, kwa nini atajwe pamoja na Muumba katika ubatizo, na kiumbe awezaje kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu? Ndani ya swali hilo mna jambo la upendo. Ikiwa aliyesulubiwa hakuwa Mungu kweli, basi Mungu alibaki mbali, akamtuma mwingine aumie kwa niaba yake. Bali ikiwa Mwana ni Mungu, upendo umekuja wenyewe.

Imani iliyokiriwa Nikea kumjibu Ario ilimtaja Roho Mtakatifu kwa maneno machache mno, na fitina ikahamia hapo. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alilaumiwa mwaka 374 kwa kumtukuza Baba pamoja na Mwana na pamoja na Roho Mtakatifu. Akajibu kwamba itupasa kuamini kama tulivyobatizwa, na kutukuza kama tunavyoamini. Alifariki mwaka 379, naye hakuuona mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, ambao ulikiri kwamba Roho ni mwenye kuabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana.

Wala idadi ya kuzamishwa haikufanywa kuwa pingu. Katika Uhispania wafuasi wa Ario nao walizamisha mara tatu, na Wakatoliki wengi wa huko wakazamisha mara moja wasije wakadhaniwa kuugawanya Uungu. Papa Gregori Mkuu alimwandikia askofu Leandro wa Sevilla mwaka 591 kwamba imani ikiwa moja, desturi mbalimbali hazilidhuru Kanisa: mara tatu huonyesha Nafsi tatu, na mara moja huonyesha umoja wa Uungu.

Aliyeichimbua maana ya ndani ya mambo haya ni Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, ambaye kwa karibu miaka 20 aliandika vitabu 15 juu ya Utatu. Aliutazama upendo akaona mambo matatu ndani yake: apendaye, apendwaye, na upendo wenyewe. Alijua kwamba mfano huo haumtoshi Mungu, lakini kwa njia hiyo aliona yale ambayo waraka wa kwanza wa Yohana wayadai unapomwita Mungu upendo. Mungu aliye peke yake tangu milele angalihitaji ulimwengu ili apate wa kumpenda. Baba, Mwana na Roho hawakuhitaji chochote, wakatuumba kwa ihsani tupu. Kwa hiyo makanisa yetu, tangu Mombasa hata Bujumbura, yammiminiapo mtoto maji mara tatu, humwingiza katika upendo uliokuwapo kabla ya mbingu na nchi, ambao hakuustahili kwa tendo lolote na ambao haukungoja ajifunze kuutamka.