Kabla ya mtu, mashine: roboti iliyopita juu ya Unguja

Kutoka Zirai, kule Usambara, hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 150. Umbali huo haupishani sana na kimo walichorushwa Wamarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Kwa hiyo ukisoma kwamba roboti zinatangulizwa Mwezini ili wanaanga wasife, usidhani ni habari za watu wa mbali tu. Mwanzo wake ulipita hapa jirani.

Mei 1961 Rais Kennedy alitangaza kwamba Marekani itafikisha mtu Mwezini kabla ya mwongo ule kuisha. Ahadi kubwa, ila nchi yake ilikuwa haijamzungusha mtu duniani hata mara moja. Nani atangulie? Wakatanguliza mashine. Tarehe 13 Septemba 1961 chombo cha Mercury kilirushwa kikiwa na kifaa mahali pa rubani. Kifaa hicho kilitumia oksijeni na kutoa hewa chafu, joto na unyevu, kama wewe unavyofanya sasa hivi. Hakikuwa na uso wala mikono, lakini tusigombanie jina. Kazi ya roboti kiliifanya. Mlikuwa pia na kanda zenye sauti ya mtu, ili vituo vya ardhini vijipime kama vitamsikia rubani siku yake ikifika. Kituo kimojawapo kilikuwa Unguja, upande wa Tunguu.

Chombo kilizunguka mara moja kikarudi. Njiani oksijeni ilivuja na kifaa kimoja cha kubadili umeme kikafa. Sasa hebu muweke mtu mle ndani.

Novemba 29 akafuata sokwe Enos, ambaye maskini hakuna aliyemuuliza. Kichuma kidogo kiliziba bomba la mafuta, akarudishwa baada ya mizunguko miwili badala ya mitatu. Ndipo, tarehe 20 Februari 1962, akaenda John Glenn. Alipofika anga zetu aliongea na daktari wa kituo cha Unguja, akavuta kamba ya mpira ili mapigo ya moyo wake yapimwe.

Ila usalama wa nani? Hizbu walikuwa wamekipinga kituo hicho, wakihofia kwamba vita vya wakubwa vikizuka, Unguja italengwa makombora. Waliambiwa ni sayansi tu. Kwangu mimi swali lao lilikuwa la haki: mwanaanga alikingwa na mashine, je, mkulima wa karafuu? Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wa kituo waliondolewa kesho yake kwa meli ya kivita. Serikali mpya ikataka kituo kiondoke, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Mwezini nako hofu ilikuwa ya aina yake. Mtaalamu Thomas Gold alionya kwamba huenda vumbi la kule ni refu kiasi cha kumeza chombo. Tarehe 2 Juni 1966 Surveyor 1 ikatua, na miguu yake ikazama sentimita chache tu. Aprili 1967 Surveyor 3 ikachimba udongo kwa kijiko. Novemba 1969 Pete Conrad na Alan Bean wa Apollo 12 walitua jirani nayo, wakaiendea kwa miguu, wakakata kamera na kile kijiko, wakarudi navyo nyumbani.