Tembo Chupani: Majina ya Bia kutoka Syokimau hadi Ulaya

Syokimau, mji ulio mpakani mwa Machakos na Nairobi, umepewa jina la mwanamke mtabiri wa Wakamba. Masimulizi yasema kwamba alibashiri kuja kwa nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka baharini hadi bara, na kuja kwa watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Reli ilikata mbuga ya Athi ikafika Nairobi mwaka 1899, na viberiti vikaja pamoja nayo. Stesheni iliyofunguliwa mahali hapo mwaka 2012 yaitwa kwa jina lake, na mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa ikaja kukomea jirani. Habari ambayo masimulizi hayaigusi ni ya shehena. Miongoni mwa mizigo ambayo nyoka huyo aliipandisha kutoka pwani ilikuwamo bia ya Wazungu, nayo ilikuja na kitu ambacho kinywaji cha Wakamba hakikuwa nacho, yaani jina la kubandikwa.

Wakamba huita pombe yao uki. Neno hili ni ndugu wa neno la Kiswahili nyuki, na katika Kikuyu, lugha jirani, mwenzake bado lina maana ya asali. Kwa hiyo jina la uki ni habari ya asili yake tu: kinywaji kilichotokana na nyuki, kikachachushwa kwa matunda ya mti ambao Wakamba huyaita miatine. Hakuna aliyehitaji kukisifu kwa jina la mnyama au la mfalme, kwa sababu aliyekinywa alimjua aliyekitengeneza. Tena hakikunywewa na kila mtu. Kilikuwa cha wazee, na sehemu yake ilimiminwa chini kwa ajili ya wahenga penye ithembo, mahali pa kutambikia. (Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na mfanano wa sauti: ithembo latokana na kitenzi cha Kikamba chenye maana ya kutambika, wala halina udugu na tembo la mgema.)

Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia huko Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ya kiwanda hicho ikaitwa Tusker, yaani tembo dume mwenye pembe kubwa. Yafaa kulitazama jina hilo kwa makini. Kampuni haikumtukuza marehemu kwa jina lake mwenyewe, bali kwa jina la mnyama aliyemuua. Huu ni mzaha wa wawindaji, mzaha wa watu waliokuwa wakiihesabu nchi kuwa uwanja wa michezo yao, na hapana shaka uliwachekesha waliokuwa wakinywa katika hoteli za Nairobi.

Kwa Mkamba jambo hilo lilikuwa na sura nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyochukua pembe kutoka bara hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa ambaye mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1849, alipata nguvu zake kutokana na biashara hiyo. Mnyama ambaye wao humwita nzou alikuwa mali kabla ya kuwa picha kwenye chupa. Lakini wajukuu wa wachukuzi wa pembe hawakuruhusiwa kuinunua chupa hiyo. Sheria za kikoloni zilimkataza Mwafrika bia ya Kizungu mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika Nairobi alitengewa vilabu vya serikali ya mji, kama kile cha Pumwani kilichoanzishwa katika miaka ya 1920, ambamo aliuziwa pombe ya kienyeji iliyopikwa chini ya usimamizi wa mji wenyewe. Na kwao vijijini upikaji ulitawaliwa kwa vibali. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, basi, Tusker lilikuwa jina lililosomwa na watu wasioruhusiwa kuonja kilichomo. Tangazo la miaka ya karibuni, lenye maneno «Bia yangu, nchi yangu», lasomeka kwa namna ya pekee mtu akiikumbuka historia hiyo.

Kiswahili kina mzaha wake katika jambo hili, nao ni wa zamani kuliko viwanda. Neno tembo lina maana mbili, mnyama na kinywaji cha mnazi, na kinachozitenga ni upatanisho wa kisarufi. Methali yasema: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi -li- chatosha kumjulisha msikilizaji kwamba hakuna mnyama anayetiwa maji. Vivyo hivyo tembo limekwisha ni habari ya mtungi, na tembo wamekwisha ni habari ya mbuga. Lakini lebo ya chupa haina kitenzi. Jina likisimama peke yake, bila kiambishi cha kulitambulisha, maana zote mbili hubaki hai. Ndivyo ilivyo kwa bia nyeusi ya Lubumbashi iitwayo Tembo, inayotengenezwa na kiwanda kile kile kinachotoa bia iitwayo Simba. Mtu wa Mombasa aisomapo lebo hiyo hawezi kuamua kama amepewa mnyama au amepewa maji ya mnazi. Watanzania kwa upande wao wana bia iitwayo Ndovu, nalo ni jina salama: ndovu hagemwi.

Ajabu ni kwamba mnyama huyu amekunywewa hata Skandinavia. Mwaka 1901 Carl Jacobsen, mwenye kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, alijengewa lango linalobebwa na tembo wanne wa mawe. Na mwaka 1959 kampuni ikatoa bia kali, yenye kileo kupita asilimia 7, iitwayo Elephant. Kisa cha Odense, pia katika Denmark, kinachekesha zaidi. Twiga wa bustani ya wanyama ya mji huo alikufa mwaka 1962. Kwa kuwa kiwanda cha Albani kilikuwa kimeitumia picha yake katika matangazo, kilitengeneza bia iitwayo Giraf ili faida yake inunue twiga mwingine. Nairobi tembo aliua mtu akapewa bia. Odense twiga alikufa mwenyewe akapewa bia. Wabelgiji nao walipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 walitoa bia yenye tembo wa rangi ya waridi, iliyoitwa Delirium Tremens, ambalo ni jina la kitabibu la mtetemeko na wazimu wa mlevi aliyekatizwa pombe. Kuna hata bia ya Kijerumani ambayo adabu ya kurasa hizi hairuhusu kuitaja yote: sehemu moja ni jina la kijiji cha Austria, kijiji ambacho kiliibadili tahajia yake mwaka 2021 kwa kuchoshwa na vicheko vya wageni, sehemu ya pili, Hell, kwa Mjerumani ni bia nyeupe, na kwa Mwingereza ni jahanamu.

Mzaha wa namna hii wahitaji usalama. Mbelgiji aweza kuucheka ugonjwa wa walevi kwa kuwa yajulikana kilichomo chupani. Huku kwetu wanywaji wa chang'aa, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, walibuni majina yasiyopungukiwa na ucheshi. Iliitwa machozi ya simba. Na nyingine ikaitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake ilikuwa shilingi kumi. Mwezi wa Novemba 2000 kumi kumi iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika Nairobi. Mwezi wa Juni 2005 sumu hiyo hiyo iliua watu zaidi ya 40 huko Machakos, na baadhi ya walionusurika walipofuka.

Sheria ya mwaka 2010 iliifuta ile ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa, kwa sharti la kutiwa katika chupa ya kioo na kubandikwa lebo. Mwezi wa Mei 2014 methanoli iliua tena watu wengi, wakiwamo wa Kitui na Makueni, na safari hiyo baadhi ya pombe iliyowaua ilikuwa na jina lililochapwa.