Simu mbili, jina moja

Ebu fungua mipangilio ya simu yako, tafuta namba ya modeli. Wengi wetu hatuiangaliagi. Tukinunua simu tunauliza rangi, betri, GB ngapi. Lakini historia inaonyesha kwamba namba hiyo ndiyo inayokwambia simu ina modemu gani, yaani chipu inayozungumza na mnara.

Turudi mwaka 2011. Marekani ilikuwa na mitandao ya aina mbili. AT&T walitumia GSM, mfumo uleule uliotawala Ulaya na Afrika, ambao unamtambua mteja kwa laini. Verizon walitumia CDMA, ambako simu yenyewe ndiyo iliyosajiliwa. Kwa hiyo iPhone 4 ikawa na matoleo mawili: A1332 ya GSM, yenye modemu ya Infineon, na A1349 ya Verizon, yenye modemu ya Qualcomm. Hiyo ya pili haikuwa hata na tundu la laini! Sasa fikiria ndugu yako aliyeko kule amekutumia kama zawadi. Utaingiza laini wapi?

Oktoba mwaka huohuo iPhone 4S ikaja na modemu moja iliyobeba mifumo yote miwili. Ungedhani mambo yameisha. Wapi!

Mapema mwaka 2011 Intel ilikuwa imekamilisha kuinunua idara ya Infineon iliyotengeneza modemu. Mwaka 2016 chipu za Intel zikaingia kwenye iPhone 7. A1660 ilitumia Qualcomm, A1778 ilitumia Intel na haikuweza CDMA. Kwa umbo zilifanana, jina ni lilelile.

Wapimaji wa Cellular Insights wakaziweka maabara, wakapunguza nguvu ya mawimbi kidogokidogo. Mawimbi yakiwa na nguvu, zilikaribiana. Yalipodhoofika, ile ya Intel ilipoteza kasi mapema zaidi. Apple walisema hakuna tofauti ya kuonekana kati ya modeli zao.

Hapo ndipo penye somo. Ukikaa karibu na mnara, huenda usione tofauti yoyote. Anayeiona ni yule aliye pembezoni, anayepanda kilima ili ujumbe uende. Aliyenunua bila kujua ndiye anayeumia, na atailaumu kampuni ya mtandao.

Mwaka 2017 Apple iliishtaki Qualcomm. Aprili 2019 wakapatana, na siku hiyohiyo Intel ikatangaza kuachana na modemu za 5G za simu. Baadaye Apple ikanunua sehemu kubwa ya biashara hiyo kwa dola bilioni 1. Februari 2025 ikatoa iPhone 16e yenye modemu yake yenyewe, C1.

Verizon walizima CDMA mwishoni mwa 2022, ila matoleo tofauti bado yapo, na masafa ya 4G na 5G hayafanani kila nchi. Basi kabla hujatoa hela kwa simu iliyotoka nje, soma namba ya modeli, linganisha masafa yake na ya mtandao wako, kisha weka laini yako upige. Na kama muuzaji atakuruhusu, usipigie hapo dukani chini ya mnara. Nenda nayo kule ambako mtandao huwa unasumbua.