Dini au rangi? Kisa cha Salme na kisa cha Seretse

Ikizungumzwa ndoa ya watu wa dini mbili au rangi mbili, kuna jibu moja linalofunga mjadala haraka: "Dini imekataza." Sawa. Lakini imekataza nini hasa? Tofauti ya imani au tofauti ya ngozi? Historia inaonyesha kwamba haya ni mambo mawili, na mara nyingi watu wameyachanganya kwa makusudi.

Tuanze na Zanzibar. Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake alikuwa suria kutoka Circassia, kule Caucasus. Katika nyumba ile ya kifalme, basi, kuchanganya damu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Salme alipompenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, kizingiti kikubwa kilikuwa imani. Aya ya 5 ya Surat al-Maida inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab, lakini kwa wanazuoni wa karne zote zile mwanamke Mwislamu hakuwa na ruhusa ya kuolewa na Mkristo. Salme akapata mimba. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Alibaki mjane ugenini na watoto watatu wadogo.

Unaweza kuiona sheria hiyo ni ngumu, lakini angalau ilisema wazi inachokataa.

Sasa twende London, 1948. Seretse Khama, mrithi wa kiti cha uchifu wa Wabangwato, anataka kumuoa Ruth Williams, Mwingereza. Wote wawili ni Wakristo! Babu yake Seretse, Khama III, ndiye chifu aliyesifiwa sana na wamisionari kwa uchamungu wake. Kwa kitabu, hapakuwa na pingamizi. Hata hivyo kasisi aliyekuwa awafungishe ndoa alipata hofu, akampelekea suala hilo Askofu wa London. Askofu akasema ndoa isifungwe mpaka serikali ya Uingereza iridhie. Tangu lini harusi ya Wakristo wawili ikahitaji kibali cha serikali? Wakaishia kufunga ndoa kwa msajili huko Kensington, tarehe 29 Septemba.

Mwaka 1949 Afrika Kusini, jirani wa Bechuanaland, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya wazungu na wasio wazungu. Wanateolojia wa Kikaburu waliotetea utengano walishika kisa cha mnara wa Babeli: Mungu katenganisha mataifa, binadamu asiyachanganye. Hawakukaa sana kwenye Hesabu sura ya 12, ambako Musa ana mke Mkushi, Miriamu anamsema kwa ajili ya ndoa hiyo, na anayepigwa ukoma ni Miriamu.

Cha kufurahisha ni kwamba wazee wa Serowe, baada ya mabishano makali, walimkubali Ruth kwenye mkutano wa kgotla mwaka huo huo wa 1949. Waliomfukuza Seretse nchini kwake ni Waingereza. Alirudi mwaka 1956, na mwaka 1966 akawa rais wa kwanza wa Botswana.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapa wachumba wa dini mbili njia ya bomani. Kanisa Katoliki nalo linaweza kutoa ruhusa kwa muumini wake kufunga ndoa na asiyebatizwa, kwa masharti. Kwa hiyo milango ipo, ingawa si yote iko wazi kwa kila mtu.

Kinachobaki ni ukweli wa nyumbani. Mzazi anayesema "imani yetu hairuhusu" ana hoja ya kujadiliwa kwa heshima. Lakini kijana akileta mchumba wa dini ile ile, kisha akakataliwa kwa sababu ni Mhindi, Mwarabu, mzungu au wa kabila fulani, hapo dini isisingiziwe. Tuwaulize wazee wetu kwa adabu: mnachokataa ni sala zake au sura yake?