Mashamba ya Carcassonne

Mwezi wa Agosti 1209, majeshi ya vita vya msalaba yaliuzingira mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Joto lilikuwa kali, maji yakapungua, na kwa muda wa majuma mawili hivi mji ukasalimu amri. Raia waliachwa watoke salama, ila mali yao yote ilibaki nyuma. Bwana wao, Raymond-Roger Trencavel, alitiwa kifungoni akafia humo mwezi wa Novemba, na nchi yake akapewa Simon de Montfort. Kuta zile zingali zasimama, baada ya kutengenezwa upya na Viollet-le-Duc tangu 1853. Lakini swali zito lilihusu ardhi iliyo nje ya kuta: ni ya nani?

Swali hilo lilirudi mwaka 2000, safari hii mezani. Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede alitunga mchezo akaupa jina la mji ule, nao ukatwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka nchini Ujerumani mwaka 2001. Hauna ubao. Vipande vyote ni 72, kimoja kikiwa cha kuanzia, na wachezaji hupokezana kuvilaza mezani, njia ikutane na njia, ukuta na ukuta, shamba na shamba. Kila mmoja ana vijitu saba vya mti vya kumilikia alichokijenga.

Ugumu u katika hao saba. Aliyewekwa njiani, mjini au katika nyumba ya watawa hurudi mkononi kazi ikiisha. Bali mkulima akishalazwa shambani haamki hadi mwisho. Anayewahi kulaza wengi hubaki mikono mitupu, wenzake wakijenga. Anayechelewa hukuta mashamba yana wenyewe. Wala hairuhusiwi kumweka mtu wako palipo na mtu. Lakini waweza kumweka kando, kisha ukaleta kipande cha kuunganisha sehemu mbili, mkawa washirika. Na ukiwa na watu wengi kumzidi, umemnyang'anya.

Sasa tutazame sheria ya wakulima, ambayo naiona ndiyo kiini cha historia ya mchezo huu. Hapo kwanza uliulizwa mji: ni nani mwenye wakulima wengi kuuzunguka? Huyo alipata alama 4, hata wakulima wake wakiwa katika mashamba mbalimbali. Mwenye shamba kubwa aliweza kushindwa na mwenye vishamba viwili. Tena, mji mdogo wa vipande viwili ulimpa mjenzi wake alama 2 tu, ilhali mkulima jirani alichuma 4. Mjenzi alimjengea mwingine!

Katika matoleo ya baadaye mambo yaligeuzwa. Huulizwa shamba, wala si mji: mwenye wakulima wengi humo hupata alama 3 kwa kila mji uliokamilika unaopakana nalo, na mji mdogo humpa mjenzi alama 4 kama haki yake. Hesabu imekuwa nyepesi, na mjenzi ameheshimiwa. Lakini shamba moja kubwa sasa laweza kuamua kila kitu, na vita vyote vikahamia humo.

Jioni moja tulibishana juu ya jambo hili, walimu wanne, tukahesabu meza ile ile kwa sheria zote mbili. Mshindi hakuwa yule yule.